Klampu Zako Zitengeneze Mwenyewe

Anayeanzisha karakana ya chuma nyumbani huwaza kwanza mashine ya kukereza, kisha drili ya kusimama, na klampu, yaani vibanio vya kushikilia kipande kinapofanyiwa kazi, huzikumbuka siku ile kipande kinapomponyoka mkononi. Kwa maoni yangu, klampu ndizo zinazofaa kuwa kazi yake ya kwanza, na azitengeneze mwenyewe hata kama ana uwezo wa kuzinunua. Sisemi hivyo kwa ajili ya kubana matumizi, maana ukihesabu saa zitakazoteketea huenda za dukani zikawa nafuu. Nasema hivyo kwa sababu sijaona kazi nyingine ndogo inayomfunza mtu upesi kiasi hicho nguvu ya skrubu inaelekea wapi.

Chukua ile klampu ya mataya mawili sambamba yenye skrubu mbili. Skrubu ya katikati hupita bila kushika kwenye taya moja na kushika thredi (mifereji ya skrubu) za taya la pili, nayo huyavuta mataya yakaribiane. Ya nyuma hushika thredi za taya moja, ncha yake ikakaa kwenye kishimo cha taya la pili, nayo huyasukuma yaachane. Ukikaza ya nyuma, ile ya katikati huwa egemeo la wenzo na ncha za mbele hubana. Haya yote nilikuwa nimeyasoma, na bado klampu yangu ya kwanza ilibana karibu na skrubu tu huku ncha zikiwa wazi. Niliigundua kasoro hiyo kwa vipande viwili vya karatasi, kimoja nchani na kingine karibu na skrubu ya katikati: nilipovivuta, cha nchani kilichomoka chenyewe. Dawa yake ni kulegeza kidogo ya katikati na kukaza ya nyuma, mpaka karatasi zote mbili zichanike kabla ya kutoka.

Pengine kazi yote imo katika matundu. Tundu la katikati nalitoboa mataya yakiwa yamefungwa pamoja kwenye jiliwa, kwa biti moja inayopenya yote mawili, kwa sababu ukiyapima kila moja peke yake hayatalingana. Kwa skrubu ya M8 (kipenyo cha milimita 8) yenye hatua ya milimita 1.25 kati ya thredi na thredi, biti hiyo ni ya milimita 6.8. Taya moja hupigwa tepu (kifaa cha kuchonga thredi ndani ya tundu), na la pili hupanuliwa hadi milimita 9 ili skrubu ipate nafasi ya kuinama mataya yanapokuwa bado hayajalingana. Tepu iingie wima, tena kila baada ya nusu mzunguko irudishwe nyuma kidogo ili chembe za chuma zikatike. Mwenye haraka huivunja humo ndani, na kuichomoa ni kazi kuliko kutengeneza klampu nyingine.

Wapo wanaosisitiza kwamba mataya lazima yatiwe ugumu kwa moto. Mimi sikubaliani nao. Chuma laini hakikwaruzi kazi (kipande kinachobanwa) iliyokwisha kusafishwa, na taya likichakaa, tupa ya kusugulia chuma hulirudisha. Ninayoitia ugumu ni ncha ya skrubu ya nyuma peke yake, kwani ndiyo inayosagika. Chuma cha kalibu usikiguse kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa hakivumilii kupindwa.

Pau za kubania kazi kwenye meza ya mashine ya milingi (inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka) ni rahisi zaidi kutengeneza, na ndizo zilizonitia hasara. Nilitoboa tundu moja katikati ya pau, nikakaza kwa nguvu zangu zote, na bado kisu kilikisukuma kipande hadi kikageuka upande. Bolti ikiwa katikati, nusu ya nguvu yake huishia kwenye kipande cha kuegemezea, kile kinachowekwa chini ya ncha ya nyuma ya pau. Ikiwa theluthi ya umbali kutoka kwenye kazi hadi kipande hicho, theluthi mbili za nguvu hubana kazi yenyewe. Siku hizi pau zangu nazichonga tundu refu, ili bolti isogezwe karibu na kazi kadiri upana wake unavyoruhusu, na kipande cha kuegemezea nakiacha kizidi kimo cha kazi kwa unywele, ili ncha ya pau ndiyo igandamize na si ukingo wa kazi.