Mlima Huu Tusiulipie Bajaji

Januari ni mwezi wa sare za shule, na fundi yeyote wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, anajua maana yake: unakaa kwenye cherehani kabla jua halijapanda, unainuka usiku. Januari ya mwaka juzi nilivua soksi jioni nikakuta alama ya lastiki imezama mguuni kana kwamba nilifungwa kamba. Nikabonyeza juu kidogo ya kifundo kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Nikahesabu hadi ishirini, bado lipo.

Nilikwenda kupima. Presha ilikuwa 150 kwa 95, na siku waliyorudia ikawa karibu vilevile. Moyo na figo wakasema viko sawa. Nikaondoka na vidonge na maagizo matatu: punguza chumvi, punguza mawazo, fanya mazoezi. Hakuna aliyenieleza ndani ya mguu wangu kinaendelea nini, wala mazoezi yanakwenda kufanya nini kwenye mshipa. Hilo linaniuma hadi leo. Mtu mzima akishaelewa jambo, hahitaji kusukumwa. Akiambiwa tu "fanya mazoezi", anaona ni mambo ya vijana wenye raba na muda.

Aliyenifumbua macho ni mteja, muuguzi, aliyekuwa anasubiri nimpinde gauni. Alitazama miguu yangu chini ya meza akauliza, "Mama, ile cherehani yako ya kukanyaga iko wapi?" Nilikuwa nimefunga mota miaka mitatu nyuma, na nilijivunia. Akachutama, akashika kigimbi changu. Akasema moyo unaipeleka damu chini bila shida, lakini kuirudisha juu kunataka msaada, na msaada ni huu hapa. Kila kigimbi kinapokaza kinaminya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizo ndani yake na damu inapanda. Ndani ya vena hizo kuna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu, kwa hiyo damu iliyokwisha kupanda hairudi. Vilango hivyo vilikuwa sehemu ya ushahidi wa daktari Mwingereza William Harvey alipoandika mwaka 1628 kwamba damu inazunguka mwilini.

Sasa fikiria cherehani ya kukanyaga: kisigino, vidole, kisigino, vidole, kutwa nzima. Nilikuwa nimekalia pampu bila kujua, nikaing'oa kwa mikono yangu nikaweka mota. Ukikaa miguu imetulia, damu inatuama, maji yanajipenyeza kwenye nyama, na soksi inaacha alama. (Miguu kuvimba kuna sababu nyingi, nyingine kubwa. Usijitibu kwa makala hii, kapime kwanza kama nilivyopima.)

Hiyo ni habari ya damu inayorudi. Ya damu inayokwenda ndiyo iliyonifanya nibadilishe maisha.

Tumezoea kuona mishipa kama mabomba ya maji. Bomba halihisi kitu. Mshipa unahisi. Ndani ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, kuna utando mwembamba sana, na ukuta wa nje yake una misuli inayoweza kubana au kulegea. Damu inapopita kwa kasi inausugua utando ule, nao unajibu kwa kutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo inaiambia misuli ya ukuta ilegee, na mshipa unapanuka. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Robert Furchgott, alionyesha jambo hili kwa vipande vya mshipa mkubwa wa sungura: vilivyobaki na utando wake vililegea vilipowekewa dawa, vile ambavyo utando ulikwanguliwa vikakataa. Wakati huo hakuna aliyejua utando unatoa nini. Mwaka 1998 yeye, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zao juu ya gesi hiyo.

Ndiyo maana nasema zoezi ni mazungumzo kati ya damu na mshipa. Ukiwa umekaa, moyo wako unasukuma kama lita 5 kwa dakika. Mtu mwenye afya akijikaza kweli, zinafika 20: ile ndoo yetu ya kuchotea maji, inajaa kwa dakika moja! Misuli, ambayo ulipokaa ilikuwa inapata kama sehemu moja ya tano ya damu yote, sasa inachukua hadi sehemu nne kati ya tano. Mishipa inayoambiwa kila siku "panuka" inabaki laini. Isiyoambiwa inakakamaa, na moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Ukiendelea wiki kadhaa, hata vile vimishipa vyembamba kabisa, kapilari, ambamo chembe nyekundu zinapita moja moja kwa foleni, vinaongezeka kwenye misuli.

Kuna utafiti mmoja ambao mimi kama fundi naupenda kuliko yote. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa London alitoa matokeo kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Madereva walikaa siku nzima, makonda walipanda na kushuka ngazi kukusanya nauli. Makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na waliougua walikuwa na nafuu zaidi. Lakini Morris hakuishia hapo. Miaka mitatu baadaye yeye na wenzake walitumia vipimo vya sare, wakakuta suruali za madereva zina viuno vikubwa kuliko za makonda, kwa hiyo ikabidi waulize kama watu hawa walitofautiana tangu siku ya kuajiriwa. Namheshimu mtu anayekagua jibu lake mwenyewe namna hiyo. Na tangu mwanzo alikuwa ameangalia pia matarishi waliotembea na kuendesha baiskeli, akawalinganisha na makarani wa ofisini: waliokuwa wanatembea walikuwa afadhali.

Haya, sisi tuko wapi? Tuko Mbeya, mji ulio kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mlima Loleza wenye mita 2,656 umesimama juu ya vichwa vyetu. Mimi naishi upande wa mlimani. Nilikuwa nalipa bajaji kila jioni inipandishe, na asubuhi nashuka nayo pia. Nilinunua kwa fedha yangu kile kile kilichokuwa kinanidhuru. Sasa napanda kwa miguu, dakika thelathini na tano, kwa mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Siku tano za wiki zinapita zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linasema ndizo angalau kwa mtu mzima.

Nisidanganye mtu. Kwa wenye presha, mazoezi ya namna hii huishusha ile namba ya juu kwa takriban 5 hadi 8. Si muujiza. Vidonge vyangu bado nameza, na kipimo cha mwisho kilikuwa 132 kwa 84, kazi ya vyote viwili. Wala sikubali msemo wa vijiweni kwamba wazee wetu walitembea kwa hiyo hawakuwa na presha. Wapo waliokuwa nayo, ila hakuna aliyewapima, tukawazika tukisema "kaanguka ghafla".

Mwezi wa sita na wa saba uwe mwangalifu. Baridi yetu inabana mishipa ya ngozi na presha hupanda, kwa hiyo vaa sweta, anza polepole, mwinuko mkali uje baadaye. Ukipanda kifua kikabana au kizunguzungu kikaja, simama, na usipande tena kabla daktari hajakuona.

Kinachonikera ni njia. Barabara kuu ya Tunduma mwenda kwa miguu anagombania ukingo na bodaboda, na vichochoro vya mlimani mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Bibi mmoja jirani, Mnyakyusa, huwa namshika mkono tunavuka mtaro pamoja, yeye na kikapu chake. "Ndaga, mwanangu," ananiambia kila mara, yaani asante. Anayepanga barabara za mji huu na aje avuke mtaro ule na bibi yule, saa kumi na mbili jioni, mwezi wa tatu. Ubao wa kukanyagia na taa mbili vingetosha kuanzia.

Cherehani nimeitoa mota. Mkanda mpya wa ngozi nimeufunga wiki iliyopita, bado mgumu, unalia kila gurudumu linapozunguka.