Kiwanja Hiki Hakiuzwi

Baba mdogo aliniuliza nafanya kazi gani Dubai. Nikamweleza: nawatafutia wasanifu majengo kazi, naonana na wenye miradi, naandaa zabuni, nafuatilia mkataba mpaka usainiwe. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Kumbe wewe dalali." Siku ile nilibisha. Siku hizi sibishi sana.

Maana tunachouza huku ni picha. Wasanifu wakishachora, inatengenezwa modeli ya jengo: taa zinawaka madirishani, vigari vimepaki chini, mitende ya plastiki. Mteja ananyweshwa kahawa, anaonyeshwa ghorofa ya 23, anatoa hundi. Ukienda kwenyewe ni mchanga na uzio.

Wabongo wengi wanadhani watu wa huku wanaaminiana. Wapi! Hawaaminiani hata kidogo, ndiyo maana ikatungwa Sheria Na. 8 ya 2007: hela ya mnunuzi inakaa kwenye akaunti ya mradi huo tu, na mwenye mradi anachotewa kadiri jengo linavyopanda. Jengo likiisha, asilimia 5 inazuiliwa mwaka mmoja, kasoro zikijitokeza zirekebishwe. Pamoja na hayo, mtikisiko wa 2008 uliangusha bei na miradi kadhaa ikaishia njiani.

Sasa njoo Bunju, Dar es Salaam. Nina kiwanja pale, kimepimwa, hati ya miaka 99 ninayo, nimezungushia ukuta. Dada yangu anaishi jirani. Asubuhi moja akawakuta jamaa wawili wanapima na futi kamba. Dalali alishakula kianzio chao. Hawakuwa wezi, maskini, hawakwenda tu ofisi ya ardhi kufanya sachi, yaani kuangalia kiwanja ni cha nani. Tangu hapo ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Huku natangaza kuuza jengo ambalo halipo, kule natangaza kutouza ardhi ambayo ipo.

Sisemi huku ni peponi. Mimi ni mpangaji, kodi ya mwaka nimeigawa kwa hundi nne, na kazi ikiisha siku za kukaa zinahesabika. Rafiki yangu mwalimu wa Mbagala anajenga tofali za mwezi huu, bati za mwakani, na benki haimdai hata senti. Hilo namwonea wivu kabisa. Ila nilipomshauri amlipe msanifu amchoree, alicheka: "Ramani si ya jirani ipo?" Akaikopi, na choo cha jirani kikaja na kosa lake, mlango unagonga sinki.

Nyumbani wasanifu wazuri wapo na wanunuzi wapo. Kinachokosekana ni hiyo akaunti katikati, ambayo muuzaji hawezi kuigusa kabla ya kazi kuonekana. Ningeitaka hiyo kabla ya maghorofa marefu kama ya huku.

Mvua za mwaka huu zimefifisha maandishi ya ukutani. Dada kanipigia: arudishie, na aweke namba yangu ya simu? Nimemwambia rangi apake, namba asiweke. Madalali wataanza kunipigia.