Mkwe Alinikuta Chini ya Kochi

Mke wangu alipotoka kwenda sokoni Jumamosi asubuhi aliniachia maneno mawili tu: "Kagua nyumba." Nikaona ananidharau. Wiki nzima si nilikuwa nakagua? Dawa ziko juu ya kabati, visu rafu ya juu. Mafuta ya taa nimeyatoa kwenye chupa ya soda (nani alituambia tuyaweke humo?) nikayatia kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, nikalifungia stoo.

Kosa langu ni kwamba nilikagua nikiwa nimesimama.

Binti yetu ana miezi 9. Nikachukua futi ya fundi nikampima: akijivuta kwenye kochi na kusimama, vidole vyake vinafika sentimita 82. Meza yetu ya kulia chakula ni sentimita 75, na kitambaa chake kinaning'inia chini zaidi. Nikapiga magoti, nikaweka viganja sakafuni, nikaanza kutambaa.

Jamani, ukiwa huko chini nyumba si ile uliyoizoea. Soketi inakutazama machoni. Waya wa feni umelala kama kamba ya kuvutia mbuzi. Mkononi nilishika ile bomba ya boksi inayobaki karatasi ya chooni ikiisha, maana kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto. Sarafu ya shilingi 100: imepita. Kifuniko cha kalamu: kimepita. Punje ya harage, ambayo ikilowa mate inavimba: imepita. Nikawa nazitia mfukoni, najisifu.

Ndipo nikakiona chini ya kochi kile kibetri bapa cha rimoti, kinang'aa. Hicho hakisubiri kesho: kikikwama kooni kinaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili, na mtoto anaweza asipate homa wala asilie kwa namna ya kukushtua. Nikaingiza kichwa, nikaingiza mabega, nikakidaka. Kurudi nyuma, siwezi. Kitambaa cha chini ya kochi kilikuwa kimechanika, springi imetoka, imenasa kola ya fulana yangu.

Hapo nikasikia viganja vidogo kwenye saruji: pa, pa, pa, pa. Vinaelekea uani.

Uani kuna ndoo ya lita 20. Niliimwaga? Nilibakisha maji kidogo ya kufulia? Kidogo ndicho kibaya. Mtoto wa umri ule kichwa chake ni kizito kwa mwili wake. Akiinama kuchungulia anatangulia kichwa, ndoo haipinduki, na kujiinua hawezi. Mlangoni nilifunga kizuizi cha mbao, lakini komeo nililisukuma? Sikumbuki! Nikarusha mkono nyuma kutafuta cha kushika nijivute, nikapata kitambaa cha meza.

Jagi la maziwa mgando likanimwagikia lote, toka kiunoni hadi soksi.

"Hodi humu ndani."

Sauti ya mama mkwe. Adabu ni adabu hata ukiwa umenaswa. "Shikamoo mama," nikasema, mdomo umegusa sakafu.

"Marahaba, baba." Kimya. "Umepotelewa na nini?"

"Nakagua, mama. Mtoto yuko wapi?"

"Huyu hapa, ananitafuna khanga. Kizuizi chako nimekikuta kimefungwa vizuri, ila komeo liko upande wake. Lihamishie nje."

Akakamata kochi kwa mkono mmoja, akaliinua. Fulana ikachanika.

Nilipotoka kuoga alikuwa ameshatandika mkeka chini ya mwembe, amefagia kwanza siafu na makokwa, na ameusogeza mbali na ule ua wa mnyaa, maana utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Jiko la mkaa nililolizima tangu asubuhi akaligusa kwa mgongo wa mkono, akalisogeza nyuma ya tofali. "Majivu yanaficha moto," akasema, akamkalisha mjukuu wake mbele ya sufuria tupu na mwiko.

Mke wangu akarudi, kikapu kichwani. "Mmeshindaje?"

"Salama," mama yake akajibu. "Leo katambaa vizuri sana."

"Si anatambaa tangu mwezi uliopita?"

"Sisemi mtoto."