Nyambizi za nyuklia: kuongeza miaka au kustaafisha kwa wakati?

Nyambizi za kushambulia za Marekani za aina ya Los Angeles zilisanifiwa kukaa kazini miaka 30 hadi 33. Zile za Virginia, zinazojengwa sasa, zimepangiwa miaka 33 bila kubadilishiwa fueli. Za Uingereza za aina ya Astute zina kiini cha kinu, yaani fungu la fueli ya nyuklia, cha miaka 25. Miaka hiyo sasa inavutwa. Jeshi la majini la Marekani liliamua kuzitia fueli mpya baadhi ya Los Angeles za mwisho, kuanzia na USS Cheyenne iliyoingia kazini mwaka 1996, ili zivuke miaka 40. Wanaounga mkono wanasema chuma bado kizima na ujenzi wa mpya unasuasua. Wanaopinga wanasema kila mwaka wa nyongeza hulipiwa na nyambizi nyingine iliyo changa. Wote wana hoja ya kweli, na mwamuzi kati yao ni mambo yasiyosemwa sana: uchovu wa chuma, hali ya mabomba na nafasi ya chelezo, pale chombo kinapotolewa majini kitengenezwe.

Kwa msomaji wa Dodoma, habari hii haiko mbali kama inavyodhaniwa. Chini ya mbuga za Bahi na Manyoni kuna urani. Ilitafutwa kwa bidii katika miaka ya 2000, na hofu ya maji na mashamba ya mpunga ilizuka pamoja nayo, ingawa mradi uliosonga mbele zaidi nchini ni ule wa Mto Mkuju, Namtumbo. Urani ya asili ina asilimia 0.7 tu ya urani-235, ile inayowaka ndani ya kinu. Kiini cha nyambizi ya Marekani au Uingereza hutaka iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa sehemu ya urani-235, kupita asilimia 90. Ukipiga hesabu, kilo 1 ya urani ya asilimia 93, mabaki ya kiwandani yakiachwa na asilimia 0.3, hula kilo 225 hivi za urani ya asili. Marekani haichimbi wala kurutubisha upya kwa ajili hiyo. Inatumia akiba yake ya kijeshi ya zamani. Viini vya ziada navyo ni vichache, kwa hiyo mpango wa kurefusha uhai unagusa nyambizi za kuhesabika.

Tuanze na gamba, yaani mwili wa chuma wa nyambizi, maana ndilo lisilobadilishika. Watu huuliza: MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande, ikapanda treni ya Reli ya Kati kupita Dodoma hadi Kigoma, na imevuka miaka 100. Iweje chombo cha mabilioni ya dola kizeeke kwa miaka 33? Jibu liko kwenye kina. Liemba huelea, na maji huusukuma mwili wake kwa mita chache tu. Nyambizi ikiwa mita 240 chini ya uso wa bahari hubanwa kwa kilo 24 kwenye kila sentimita ya mraba, yaani tani 240 kwenye kila mita ya mraba. Gamba hunywea, mbavu zake za chuma hupokea mzigo, na chombo kikipanda vyote hutanuka tena. Mzunguko mmoja si kitu. Maelfu ya mizunguko huchosha chuma.

Uchovu huo hauanzii katikati ya bamba. Huanzia kwenye maungio ya kuchomelea: mbavu inapokutana na gamba, kando ya milango ya kuingilia, kwenye mirija ya topedo, na mahali bomba la maji ya bahari linapotoboa gamba. Kuchomelea huacha mvutano ndani ya chuma, na ufa unaweza kukua hapo hata gamba lote likiwa linabanwa. Chuma cha HY-80, kilichotumika kwenye Los Angeles, kina tabia yake pia. Kisipopashwa joto kabla ya kuchomelewa, haidrojeni hunaswa ndani, na ufa hutokeza saa nyingi baada ya fundi kuondoka. Kwa hiyo kila ungio hupimwa kwa mawimbi ya sauti au kupigwa picha ya eksrei, na majibu huwekwa kwenye jalada la chombo.

Hapa upande wa kurefusha una hoja yake nzito kuliko zote. Wasanifu walikadiria idadi fulani ya mbizi za kina katika maisha ya chombo. Nyambizi iliyofanya pungufu ya hizo ina akiba, na kumbukumbu zake zinaweza kuthibitisha. Kuitupa kwa sababu kalenda imefika ni kutupa mali. Hoja hii naikubali, kwa sharti moja: jalada liwe kamili. Baada ya USS Thresher kuzama tarehe 10 Aprili 1963 na watu 129, Marekani ilianzisha utaratibu wa SUBSAFE, unaodai ushahidi wa maandishi kwa kila sehemu inayozuia maji ya bahari kuingia: chuma kilitoka wapi, nani alichomelea, nani alipima. Nyambizi ambayo karatasi zake zina mapengo haina akiba yoyote ya kudai.

Vitu vingine huzeeka kwa kalenda, vizame visizame. Mpira unaobeba mashine hukauka na kuwa mgumu, kisha mtikisiko wa pampu na turbini hupita hadi kwenye gamba na kutoka baharini kama kelele. Kwa nyambizi ya kushambulia hilo ni jambo zito, kwa sababu kazi yake yote ni kutosikika. Vigae vya mpira vinavyomeza sauti hubanduka. Maganda ya kebo hupasuka. Mabomba ya maji ya bahari huliwa, hasa kwenye kona na nyuma ya valvu, mahali mkondo unapovurugika. Vifaa vya kielektroniki hukosa spea kwa sababu kiwanda kilichovitengeneza kimeshafunga, na mafundi huanza kunyofoa kifaa kwenye nyambizi moja ili nyingine iondoke. Kunyofoa ni mara mbili, kufunga ni mara mbili, na kifaa kinaweza kuharibika njiani.

Kinu chenyewe si kikwazo cha kwanza kama wengi wanavyofikiri. Kiini huhesabiwa kwa saa za nguvu kamili, si kwa miaka. Nyambizi inayotembea polepole hutumia kidogo, na kiini cha miaka 33 kinaweza kubaki na uhai. Lakini chungu cha chuma kinachobeba kiini hupigwa na nyutroni miaka yote, na chuma kilichopigwa hivyo huwa chepesi kuvunjika kikiwa baridi. Fueli mpya haikirudishii ujana.

Kubadilisha fueli kwenye nyambizi za Marekani ni upasuaji. Chombo hupandishwa kwenye chelezo, kinu hupozwa, bamba la gamba juu ya chumba cha kinu hukatwa, kibanda chenye kinga ya mionzi hujengwa juu yake, kifuniko hufunguliwa na fueli iliyochoka hutolewa ndani ya makasha mazito yanayopelekwa Idaho kwa reli. Kiini kipya hushushwa, kifuniko hufungwa, gamba huchomelewa upya, na majaribio ya shinikizo, ya kinu na ya baharini hufuata.

Ufaransa ilichagua njia nyingine. Vinu vyake hutumia urani iliyorutubishwa kidogo, na nyambizi zake hufunguliwa kila miaka michache; kwa aina mpya ya Suffren ni kama miaka 10. Magamba yana milango mikubwa iliyowekwa kwa kazi hiyo. Wapinzani wa njia hiyo huona ni hasara ya muda. Mimi naona faida yake: kila kufungua ni nafasi ya kutazama. Waingereza walijifunza upande wa pili kwa gharama. Januari 2012, kinu cha majaribio cha Dounreay, chenye kiini cha aina moja na cha nyambizi zao, kilionyesha mionzi kidogo kwenye maji ya kupoza. Mwaka 2014 serikali ikaamua HMS Vanguard, nyambizi ya makombora, itiwe kiini kipya ambacho hakikuwa kwenye mpango. Ukarabati wake ulianza mwishoni mwa 2015, na chombo hakikutoka hadi Mei 2023.

Tatizo kubwa kuliko yote ni chelezo. Marekani ina karakana nne za serikali zinazohudumia nyambizi za nyuklia: Portsmouth iliyoko Kittery, Norfolk, Puget Sound na Pearl Harbor. Mwaka 2018 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo, inayofanya kazi mfano wa CAG wetu, ilieleza kwamba tangu 2008 nyambizi za kushambulia zilikuwa zimepoteza siku 10,363 kwa kukaa bure na kwa ukarabati kuchelewa. Nyambizi inayosubiri zamu hailali bure kwa mlipaji kodi: mabaharia wanalipwa, kinu kinalindwa, mabomba yanaendelea kuliwa.

USS Boise ndiyo mfano unaouma. Iliingia kazini 1992. Ukarabati wake mkubwa ulipaswa kuanza 2016, nafasi haikupatikana, na mwaka 2017 ikapoteza kibali cha kuzama. Nyambizi isiyoruhusiwa kuzama. Mkataba wa dola bilioni 1.2 ulitiwa saini Februari 2024, na kazi ikapangwa kuisha 2029. Tufanye hesabu ya haraka. Virginia mpya ya dola bilioni 4, ikigawanywa kwa miaka 33, ni dola milioni 121 kwa mwaka. Boise, hata ikipewa miaka 10 kamili baada ya kutoka, ni milioni 120 kwa mwaka, kwa chombo chenye kelele zaidi na teknolojia ya zamani, bila kuhesabu miaka yote iliyokaa gatini. Faida ya bei iliyodhaniwa kuwa kubwa imeyeyuka.

Upande wa kurefusha unajibu kwamba fedha hainunui muda, na jibu hilo ni zito. Lengo la Marekani ni kujenga Virginia 2 kila mwaka, na kasi halisi imekuwa kama 1.2. Inataka nyambizi za kushambulia 66 na inazo takriban 50. Hata Bunge likitoa fedha zote leo, mafundi wa kuchomelea na viwanda vya kusubu valvu hawapatikani kwa mwaka mmoja. Cheyenne yenye kiini kipya ipo, inaguswa kwa mkono. Tatizo ni kwamba Cheyenne nayo hukalia chelezo ambacho Virginia ya miaka 12 ingekitumia kwa ukarabati wake wa kawaida. Mahesabu yanayoonyesha miaka iliyoongezwa kwa moja bila kuonyesha miezi iliyopotezwa na nyingine hayajakamilika.

Ajali mbili za moto zinaonyesha jinsi uamuzi unavyogeuka kwa hali ya mwenye mali. USS Miami iliungua kwenye chelezo Mei 2012 ikiwa na miaka 22. Makadirio ya ukarabati yalipopanda kutoka dola milioni 450 hadi 700 hivi, iliachwa na kustaafishwa 2014, kwa kuwa fedha hizo zingenyima nyingine matengenezo. Perle ya Ufaransa iliungua sehemu ya mbele mjini Toulon tarehe 12 Juni 2020. Kinu kiko nyuma, na fueli ilikuwa imeshatolewa. Wafaransa walichukua nyambizi dada, Saphir, iliyostaafu 2019, wakazikata zote mbili, wakaunga mbele ya Saphir na nyuma ya Perle, na kuongeza kipande kifupi katikati cha kupitisha kebo na mabomba. Ikarudi kazini 2023. Waliokuwa na nyambizi za kushambulia zisizozidi sita hawakuweza kupoteza moja, na walikuwa na mzoga wa kufaa karibu. Marekani ilikuwa na nyingi, na chelezo kichache. Naona kila mmoja aliamua sawasawa.

Kuna gharama ambayo pande zote mbili huisukuma mbele: maziko. Anayerefusha anaiahirisha, anayestaafisha mara nyingi huishia kuegesha. Marekani hukata chumba cha kinu kizima, chenye uzito wa zaidi ya tani 1,000, hukipandisha Mto Columbia kwa tishari na kukizika Hanford, eneo la serikali la taka za nyuklia. Vimeshazikwa zaidi ya 130. Uingereza ilistaafisha HMS Dreadnought mwaka 1980, na hadi wakaguzi wake walipoandika 2019 ilikuwa na nyambizi 20 zilizoegeshwa, 9 kati yake zikiwa bado na fueli, na hakuna hata moja iliyobomolewa hadi mwisho. Urusi iliiacha K-159 ishike kutu tangu 1989, na tarehe 30 Agosti 2003, ikivutwa kwenda kubomolewa, ilizama Bahari ya Barents na fueli yake ya kilo 800 hivi. Watu 9 kati ya 10 waliokuwemo walikufa.

Kwa ushahidi huu nasimama upande wa kurefusha chache sana: zile zenye jalada lisilo na pengo, mbizi pungufu ya makadirio, kiini kilichoko tayari ghalani, na nafasi ya chelezo isiyomnyima zamu mwingine. Sharti moja likikosekana, chombo kistaafu kwa tarehe yake na fedha za kukibomoa zitengwe mwaka huohuo.

Maswali hayo yanaihusu pia Australia, inayotarajia kupokea Virginia kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2030, baadhi zikiwa zimeshatumika, na ambayo imekubali kubeba taka zake zote pamoja na fueli iliyochoka. Nasi yanatuhusu. Mkataba wa Pelindaba, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unazuia silaha za nyuklia Afrika lakini unaiachia kila nchi kuamua kama itaruhusu meli za kigeni kutia nanga bandarini kwake. Ombi la namna hiyo likifika wizarani Mtumba, la kwanza kuulizwa liwe mwaka chombo kilipofanyiwa ukarabati mkubwa wa mwisho, kabla ya bendera kinayopeperusha.