C ni Corona, T ni Tiba

Kabla sijapimwa nilikuwa mzima wa afya. Naomba hilo lisisahaulike, maana baada ya kupimwa niliumwa kila kitu.

Ulikuwa msimu wa korosho wa mwaka 2021, Mtwara mjini. Nilikuwa nimepata kibarua cha ukarani, kuhesabu magunia yanayotoka ghalani kwenda bandarini. Mwenye kazi, ambaye jina lake nalimeza, akatangaza kwamba hakuna kushika kalamu wala gunia mpaka kila mtu apimwe Corona, mwenye mafua na asiye na mafua. Makuli wakachachamaa. Mtu haumwi, anapimwa nini? Hapo mmoja akakumbusha papai. Nani amelisahau? Mei 2020 Rais Magufuli, akiwa Chato, alisimulia jinsi sampuli ya papai ilivyopelekwa maabara na majibu yakarudi kwamba lina Corona. Basi foleni nzima ikawa ni "we papai, sogea mbele".

Nesi alituacha tucheke mpaka tukachoka wenyewe, ndipo akaeleza. Mtu anaweza kuwa na virusi asikohoe hata mara moja, na bado akawagawia wenzake. Hata yule atakayeumwa huanza kuambukiza kama siku mbili kabla hajajijua. Ndiyo maana tunapimwa wazima. Akasema pia kwamba kipimo hiki cha haraka hakina makali ya kile cha maabara kiitwacho PCR, kwa mtu asiye na dalili kinaweza kupitiwa. Maelezo mazuri sana. Mimi niliyasikia kwa sikio moja, la pili lilikuwa kwa jirani yangu, kuli wa Newala mwenye kifua kama mlango wa ghala, aliyekuwa anafungua mfuko wa korosho za kuchoma.

Kile kijiti sitaki kukizungumzia. Kiliingia puani kikapitiliza, nikahisi kinatafuta kitu nilichosahau darasa la tatu.

Tukaambiwa tusubiri robo saa. Vipimo vikapangwa mezani, kila kimoja na namba yake. Mimi 17, yule bwana wa Newala 16. Mara kuli mmoja kule nyuma, pande la mtu, akazimia kwa kukiona kijiti tu, nesi akakimbilia huko. Nikachungulia.

Kipimo changu kilikuwa na mstari mmoja mwekundu, umekaa pembeni ya herufi C.

Jamani, mimi nina kidato cha nne. C ni nini kama si Corona? Miguu ikaniisha nguvu. Nikatupia jicho cha jirani: mistari miwili, C na T. Nikapiga hesabu haraka. C Corona, T Tiba. Kumbe huyu mwenzangu anao ugonjwa, lakini dawa yake Mungu kamwekea humohumo mwilini! Na kweli, ukimtazama kifua kile, unaamini.

"Kaka," nikamnong'oneza, "wewe huna neno. Una tiba."

Akafurahi, akanipa mkono. Nikamwomba chupa yake ya maji. Nilishusha barakoa nikanywa nusu nzima, kwa nia, kama mtu anayekunywa dawa ya kienyeji, nikitumaini nitabakiziwa tiba kidogo. Kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma kabla sijapelekwa karantini.

Nikavaa barakoa ya pili juu ya ya kwanza, nikachukua bodaboda hadi Nanguruwe, kwenye shamba la mjomba. Njia nzima nilikaa kwenye keria, uso nimeugeuzia pembeni nisimpumulie dereva. Tulipofika akaniuliza kama ananuka.

Kwenye kibanda cha shambani dalili zote zilikuwa zinanisubiri. Kikohozi kikaja. Kichwa kikaja. Nikakumbuka kwamba wagonjwa hupoteza uwezo wa kunusa, nikaokota bibo lililooza, na msimu wa korosho mnajua mabibo yanavyonuka, nzi wenyewe huyalalamikia. Nikalisogeza puani, nikavuta. Patupu. Nikakaa chini ya mkorosho nikalia. Nililia kama nusu saa ndipo nikagundua kwamba sijavua barakoa. Zote mbili.

Sikubadili mawazo hata hivyo.

Asubuhi mjomba akaja, akasimama mkorosho wa nne kutoka kibandani.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba! Usisogee! Umeshakufa?"

"Bado!"

"Haya, ukifa nipigie!"

Bibi yeye hakusimama mbali. Alinipita na chungu kichwani, akasema yeye aliiona ndui kwa macho yake, hiki kidudu cha juzi kinamtisha nani? Akachemsha mwarobaini, mchaichai, majani ya mlimau na ya mkaratusi, akanifunika blanketi, nikapiga nyungu. Mara tatu kwa siku, siku mbili mfululizo. Ikifika jioni nimelainika kama ming'oko iliyoiva, na chakula chenyewe kilikuwa hiyohiyo ming'oko.

Siku ya tatu nikapanda kichuguu kutafuta mtandao. Simu ikaita hapohapo. Nesi.

"We kaka, cheti chako mbona hukuchukua? Wenzako wako kazini."

"Dada, mimi nina Corona. Niliona mwenyewe, mstari uko kwenye C."

Kimya. Halafu nikasikia anamwita mwenzake, "Njoo, njoo usikie hii," na simu ikawekwa spika.

"Rudia, kaka."

Nikarudia. Wakacheka mpaka nikasikia kiti kinaanguka. Alipopata pumzi akaniambia C ni ya kipimo chenyewe, mstari ule unaonyesha kwamba kimefanya kazi, kila mtu anakuwa nao. Mwenye virusi ni yule anayeongezewa wa T.

"Wa T?"

"Wa T."

"Dada," nikasema taratibu, "nilikunywa maji ya namba 16."

Kicheko kikakatika. Kikafuata kimya cha aina nyingine.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Nanguruwe, shambani."

"Kaa hukohuko. Usitoke. Tutakuja kukupima tena."

Nikashuka kichuguuni. Mjomba alikuwa palepale mkorosho wa nne, ameinua shingo.

"Wamesemaje?"

"Wamesema sina Corona!"

Akatupa jembe, akaja mbio na mikono ameitanua. Alipofika mkorosho wa pili nikaona si vizuri kumficha.

"Ila mjomba, huenda sasa ninayo!"

Sijawahi kumwona mtu mzima akirudi kinyumenyume kwa kasi ile bila kujikwaa. Huku nyuma yangu, bila hata kuuliza, bibi alishaanza kuchochea kuni.