Kwa mtoto, hakuna risasi kidogo

Kila zikisikika habari za sumu kwenye maji, chakula au rangi, jibu la wakubwa huwa lile lile: kiasi kilichopatikana kiko chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Nasi tunatulia, kana kwamba kiwango hicho kilishushwa kutoka mbinguni. Mimi situlii.

Chukua risasi; si ile ya bunduki, bali yale madini yenye sumu (lead). Katika miaka ya 1960, madaktari wa Marekani hawakuwa na wasiwasi na mtoto mwenye chini ya mikrogramu 60 za risasi kwa kila desilita (sehemu ya kumi ya lita) ya damu. Mwaka 1971 wakashuka hadi 40, kisha 30, kisha 25. Mwaka 1991 ikawa 10, mwaka 2012 ikawa 5, na tangu 2021 ni 3.5. Watoto wangapi walirudishwa nyumbani wakiambiwa ni wazima?

Aliyetikisa mambo ni Herbert Needleman, daktari wa watoto wa Marekani. Alikusanya meno ya utoto ya wanafunzi wa Chelsea na Somerville, karibu na Boston, akapima risasi iliyojificha ndani yake. Hawa hawakuwa wagonjwa. Hakuna aliyepata degedege wala kulazwa. Lakini matokeo aliyochapisha mwaka 1979 yalionyesha kwamba wenye risasi nyingi zaidi walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili, na darasani walishindwa kutulia.

Mwaka 2005 ukaja uchambuzi wa watoto 1,333 kutoka nchi kadhaa, na huo ndio unaoninyima usingizi. Risasi kwenye damu ilipopanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 kwa desilita, mtoto alipoteza takriban pointi 3.9 za kipimo cha akili (IQ). Kutoka 10 hadi 20, alipoteza 1.9 tu. Yaani zile za mwanzo, tunazoziita kidogo, ndizo zinazokula zaidi!

Viwango vingi vya kemikali huwekwa kwa kutafuta kipimo ambacho hakikumdhuru mnyama wa maabara, kisha kukigawa kwa 100. Sipingi hesabu hiyo. Imetukinga na mengi. Ila inahitaji kuwepo kwa kipimo kisichodhuru, na Shirika la Afya Duniani linasema kwa risasi hakuna kipimo cha namna hiyo kinachojulikana.

Pale Owino Uhuru, Mombasa, watu walipigania haki yao dhidi ya sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Nawapongeza kwa moyo wote. Lakini mtoto anayebandua rangi kuukuu yenye risasi ukutani, au anayelishwa uji uliopikwa kwenye sufuria ya vyuma chakavu, hana kiwanda cha kukishtaki, na damu yake haijawahi kupimwa. Ndiyo maana nataka vipimo vya risasi viingie kliniki ya watoto, palepale wanapopimwa uzito, na mzazi apewe namba yenyewe mkononi.