Kitunguu cha Tabora kinaoza kwa sababu hatukikaushi

Kila kiangazi kikikaribia kuisha, maneno ni yaleyale sokoni Tabora: kitunguu cha hapa hakikai, nunua cha Singida. Inauma, maana ardhi haina kosa. Kosa ni haraka yetu ya kuvuna.

Mkoa huu unajua kukausha. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua hatoi jani banini, yaani kwenye nyumba ya kukaushia tumbaku, kabla kikonyo hakijakauka, kwa sababu anajua litaota ukungu. Lakini huyohuyo anang'oa kitunguu shingo ikiwa kijani, anakishindilia kwenye gunia jioni hiyohiyo, kikioza analaumu mbegu. Shingo ndiyo kikonyo cha kitunguu! Isipokauka, ukungu unapitia hapo mpaka ndani.

Kata maji wiki 2 hadi 3 kabla ya kuvuna. Subiri nusu ya majani au zaidi ilale yenyewe. Kuyakanyaga ili yalale hakukomazi kitunguu. Ukishang'oa, tandaza kivulini penye upepo siku 7 hadi 14, mpaka ukiminya shingo kwa vidole usisikie utelezi. Hapo ndipo ukate majani, ukibakiza sentimita 2 hadi 3. Anayekata hadi kwenye kitunguu anaacha jeraha. Kisha panga kwenye chanja iliyoinuliwa, yenye paa la nyasi na pembeni wazi, tabaka lisizidi sentimita 30. Bani lisikushawishi: limejengwa kutunza joto, si kupitisha hewa. Vyenye shingo nene, vilivyopasuka na vilivyotoa maua usivihifadhi, vipeleke jikoni. Shingo nene mara nyingi ni zao la urea iliyowekwa wakati kitunguu kimeshaanza kujaa.

Mbegu ina sehemu yake pia. Red Creole ni kali, inakaa miezi. Texas Grano ni kubwa na tamu, nzuri kwa kachumbari, lakini ina maji mengi, iuze mapema. Mbegu ya mwaka juzi usiihangaikie, ya kitunguu hupoteza uotaji upesi kwenye joto.

Kitalu kiwe Machi au Aprili, upandikize Mei mche ukiwa na unene wa penseli. Mavuno yataangukia Agosti na Septemba, hewa ikiwa kavu. Kitunguu cha masika kinashambuliwa na ugonjwa wa baka zambarau na hakuna hewa kavu ya kukikausha, hicho kiuzwe tu.

Lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, nayo inaponda vya chini. Ikomeshwe.

Ada ya shule haisubiri, hilo nalikubali, ingawa limekuwa kisingizio cha kila mwaka cha kuvuna mapema. Basi uza kwanza vile visivyokaa. Vilivyokauka vizuri viache kwenye chanja, uvipitie kila wiki uondoe kilicholainika kabla hakijaambukiza jirani zake, na usivitie guniani mpaka mnunuzi awe amefika.